Kasri Lililogeuka Mtaa

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni.)

Nimerudi kutoka safari, na desturi yetu ni kwamba msafiri akirudi huulizwa mambo mawili: umeona nini, na umetuletea nini. La pili nitalifikia mwisho. Nianze na la kwanza.

Tukitaja kasri la mfalme, picha inayotujia sote ni moja. Lango kubwa, askari mlangoni, dirisha la kukatia tikiti, kisha vyumba vilivyotandikwa mazulia na kuzungushiwa kamba ili mgeni asije akakalia kiti alichokalia mfalme. Unatembea kwa kunyata, unaambiwa usiguse, na mlango wa kutokea unapitia duka la kuuza picha. Makasri ya namna hiyo yamejaa Ulaya. Yanapendeza, lakini yamekufa.

Nataka nikusimulie habari za kasri jingine. Hili niliingia bila tikiti, asubuhi na mapema, nikiwa nyuma ya mwanamke aliyebeba kikapu cha mboga. Juu ya vichwa vyetu ilifungwa kamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na juu ya kamba zilianikwa shuka mbili, fulana za mtoto na suruali ya mzee. Ukuta ule una umri wa miaka elfu moja na mia saba. Aliyeujengesha alitawala dola iliyoanzia Uingereza na kufika Misri. Aliyeanika suruali sikumwona.

Mji wenyewe unaitwa Split, uko Kroatia, kwenye pwani ya Bahari ya Adriatiki, ng'ambo ya Italia. Nilikuwa na shughuli zangu Italia, na zilipokwisha nikapanda meli ya usiku katika bandari ya Ancona. Mtu wa pwani akifika mji kwa bahari huusoma mji mara moja, kwa sababu mji wa pwani huweka uso wake majini. Alfajiri nikaona milima ya mawe meupe nyuma, mnara wa kanisa katikati, na mbele, sambamba na ufuko, ukuta mrefu wenye matao. Huo ndio uso wa kasri. Zamani maji ya bahari yaligusa ukuta huo, na mashua zilifunga mlangoni. Leo mbele yake pana barabara pana ya kutembelea kwa miguu iliyopandwa miti ya jamii ya mitende, na chini ya ukuta wa Kaisari watu wanakunywa kahawa.

Kasri hili ni kubwa kiasi gani? Upande mmoja lina mita kama 215, upande wa pili kama 180. Ni sawa na viwanja vinne au vitano vya mpira vilivyozungushiwa ukuta. Lina malango manne, na kila lango limepewa jina la madini: Lango la Dhahabu liko kaskazini, la Fedha mashariki, la Chuma magharibi, na la Shaba kusini, lile linalotazama bahari. Barabara mbili hulikata kwa umbo la msalaba. Nusu ya kaskazini ilikuwa ya askari na watumishi. Nusu ya kusini, iliyoelekea upepo wa bahari, ilikuwa ya bwana mkubwa.

Na bwana mkubwa ni nani? Aliitwa Diocletian. Usidhani alizaliwa katika hariri. Alizaliwa jirani na hapo, karibu na mji wa Salona, katika ukoo duni. Wako waandishi wa kale waliosema alitokana na mtumwa aliyeachwa huru. Akaingia jeshini, akapanda cheo kimoja baada ya kingine, na mwaka 284 askari wakamtangaza kuwa Kaisari wa Roma. Zama zile kutangazwa Kaisari ilikuwa karibu sawa na kusomewa hukumu. Katika miaka 50 iliyotangulia walikuwa wamepita watawala zaidi ya ishirini, na wengi wao waliuawa, mara nyingi na askari wao wenyewe.

Diocletian alitawala zaidi ya miaka 20. Alidumu kwa sababu alikiri jambo ambalo wakubwa wengi hawalikiri, kwamba kazi ilimzidi kimo. Mwaka 286 akamweka mwenzake, Maximian, atawale upande wa magharibi. Mwaka 293 wakaongeza wasaidizi wawili, wakawa wanne, kila mmoja na eneo lake na jeshi lake.

Lakini asije mtu akadhani nakusimulia habari za mtu mwema. Mwaka 301, bei za vitu zilipokuwa zinapaa, alitoa amri ya kuweka kikomo cha bei katika dola nzima. Orodha yake ilikuwa na vitu zaidi ya elfu moja, kuanzia ngano na viatu hadi ujira wa kinyozi. Hata simba dume alipangiwa bei: denari 150,000. Kibarua wa shambani alipangiwa denari 25 kwa siku pamoja na chakula. Piga hesabu mwenyewe: kibarua huyo angefanya kazi siku 6,000 bila kula mshahara ndipo amnunue simba. Aliyevunja amri adhabu yake ilikuwa kifo. Na kilichotokea, kwa mujibu wa mwandishi wa zama zile aliyekuwa adui yake, ni kwamba bidhaa zilitoweka sokoni na amri ikafa yenyewe. Msikilizaji wa umri wangu, aliyewahi kupanga foleni ya sabuni na kuambiwa imekwisha huku inauzwa uchochoroni, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha mwaka 303 akaanza kuwatesa Wakristo. Makanisa yalibomolewa, vitabu vyao vikachomwa moto, watu wengi wakauawa. Miongoni mwa waliouawa, mwaka 304, ni askofu wa mji wa Salona, aliyeitwa Domnius. Tafadhali lishike jina hilo, tutalirudia.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 305, Diocletian alifanya jambo ambalo hakuna Kaisari aliyelifanya kwa hiari yake kabla yake. Alisimama mbele ya askari nje ya mji wa Nicomedia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akavua joho la zambarau, akapanda gari, akarudi kwao. Sisi tuna neno letu kwa tendo hilo, neno ambalo Mwalimu Nyerere alilipa umaarufu mwaka 1985: kung'atuka. Siku hiyo hiyo Maximian naye aling'atuka huko magharibi, ila yeye alifanya hivyo huku anaguna.

Kwa hiyo kasri la Split ni nyumba ya kustaafia. Mzee alikuwa amelijenga kwa karibu miaka kumi, akiwa bado madarakani, kwa mawe meupe ya kisiwa cha Brač kilicho mbele ya mji. Maji aliyaleta kutoka chemchemi ya mto Jadro kwa mfereji wa mawe wa kilomita kama tisa. Chemchemi hiyo mpaka leo ndiyo inayoinywesha Split.

Akakaa humo, akalima mboga. Waliobaki madarakani wakaanza kugombana, na mwaka 308 wakamwendea kumwomba arudi. Inasimuliwa kwamba aliwajibu kuwa laiti wangeziona mboga alizozipanda kwa mikono yake, wasingethubutu kumshauri jambo kama hilo. Watu wa Split wanasema zilikuwa kabichi. Maximian, yule aliyeguna, alijaribu mara mbili kurudi ulingoni, na mwaka 310 ikamgharimu maisha.

Hapo hadithi ingeishia vizuri: mzee mwenye busara, kabichi, upepo wa bahari. Haikuishia hivyo. Aliyeacha madaraka hakuwa na uwezo tena wa kumkinga mtu. Alikufa miaka michache baadaye akiwa ameona utaratibu wake wa watawala wanne unasambaratika, na yeye alipokwisha kufa, mkewe Prisca na binti yake Valeria walisakwa wakauawa kwa amri ya mtawala mpya. Ukuta ule mnene niliouona kutoka baharini haukumlinda hata mtu mmoja wa nyumba yake.

Twende sasa katikati ya kasri. Hapo pana uwanja uliozungukwa na nguzo, na kando yake jengo lenye pembe nane. Diocletian alilijenga liwe kaburi lake. Mlangoni amelala sfinksi, yaani simba wa jiwe jeusi mwenye kichwa cha binadamu, aliyetoka Misri na ambaye alikuwa ameshatimiza zaidi ya miaka 1,700 siku alipoletwa. Mfalme huyu alikuwa amekwenda Misri na kuuteka mji wa Iskandaria mwaka 298 baada ya kuuzingira kwa miezi, na masfinksi na nguzo za mawe magumu zilivuka bahari kuja kupamba uzee wake. Nilisimama mbele ya yule simba kwa muda. Sisi wawili, nilijiambia, ndio Waafrika tuliopo hapa asubuhi hii, na mwenzangu hakukata tikiti ya kurudi.

Ndani ya kaburi Diocletian hayumo. Jeneza lake la jiwe lilitoweka zamani na mwili wake haukujulikana ulikokwenda. Jengo liligeuzwa kanisa kuu la mji, na linasalisha mpaka leo. Na kanisa hilo limepewa jina la nani? La Domnius, yule askofu aliyeuawa mwaka 304. Aliyeuawa ndiye mwenye nyumba, na aliyetoa amri hana hata kaburi. Juu kabisa, chini ya kuba, pamebaki vichwa viwili vilivyochongwa ukutani, ambavyo wataalamu wengi wanaamini ni vya Diocletian na mkewe. Wanatazama chini, karne baada ya karne, wakisikiliza misa.

Swali nililojiuliza ni hili: ilikuwaje nyumba ya mzee mmoja ikawa mtaa? Jibu lake ni wakimbizi. Mwanzoni mwa karne ya 7, mji mkubwa wa Salona ulivamiwa na Waavari na Waslavi, ukateketea. Waliookoka walikimbilia visiwani, kisha wakarudi bara kutafuta pa kujisitiri. Wakaliona kasri limesimama karibu tupu, lina kuta ndefu, lina malango ya kufunga, lina maji. Wakaingia. Waliokuwa na kitu walichukua vyumba vikubwa, wasiokuwa na kitu wakajibanza kati ya nguzo na chini ya matao. Aliyetaka chumba akajenga tofali zake akiegemeza ukuta wa Kaisari. Aliyetaka dirisha akalitoboa. Hekalu la mungu wa Kirumi Jupita likawa mahali pa kubatizia watoto. Mtoto akizaliwa, familia ikiongezeka, ghorofa likaongezwa juu. Miaka ikapita, wakimbizi wakawa wenyeji.

Mtu anayependa majengo ya kale atasema waliharibu. Nami ningesema hivyo, kama nisingeteremka chini ya ardhi. Chini ya vyumba vya Kaisari kuna kumbi kubwa za mawe, zilizojengwa kuinyanyua sakafu yake iwe sawa na upande wa juu wa kiwanja. Wenyeji walizigeuza jalala. Walitoboa matundu sakafuni, na kwa mamia ya miaka wakamwaga humo maji machafu na takataka zote za nyumba, mpaka kumbi zikajaa. Juu, vyumba vya Kaisari vilibomoka karibu vyote. Chini, takataka zilishikilia kuta zisianguke. Katika karne ya 20 wataalamu walipozoa uchafu ule walikuta kumbi zimesimama kama zilivyojengwa, na kwa kuwa ramani ya chini ni sawa na ya juu, ndipo ulimwengu ukajua vyumba vya mfalme vilikuwaje. Wale waliotupa maganda ya samaki ndio waliotuhifadhia kasri.

Salona, mji ulioachwa, umebaki magofu shambani. Kasri la Split, lililovamiwa na watu, liko wima. Jengo ambalo paa lake likivuja kuna mtu analoweshwa usingizini halikosi wa kulipigia kelele. Mwaka 1757 mchoraji wa majengo kutoka Uskoti, Robert Adam, alikuja hapa akakaa wiki tano akipima na kuchora. Wakubwa wa Venice, waliokuwa wakitawala mji, walimshuku kuwa ni jasusi. Kitabu chake cha mwaka 1764 kiliwafundisha wajenzi wa Uingereza mitindo mipya. Alipokuja hakukuta gofu. Alikuta mji mzima, na alilazimika kuchungulia majikoni na uani mwa watu kuzitafuta kuta zake.

Nami nilizurura humo siku tatu. Vichochoro vyake, ndugu yangu, aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu hahitaji mtu wa kumwongoza. Kimoja ni chembamba kiasi kwamba wamekiita "Nipishe Nipite", na si mzaha, maana nilipokutana humo na bwana mmoja mnene ilibidi mmoja wetu arudi kinyumenyume. Hata lugha ilinishangaza. Nilitarajia nisifahamu neno, nikaona duka wanaliita dućan. Nikauliza saa, nikasikia sat. Soko lililo nje ya Lango la Fedha wanaliita Pazar. Ni maneno yetu hasa: duka, saa, bazari. Yalitoka kwa Waarabu na Waajemi, mengine yakashuka na majahazi hadi kwetu, mengine yakapanda na Waturuki hadi kwao.

Nje ya Lango la Dhahabu nako kuna sanamu kubwa la shaba la askofu wa karne ya 10, Grgur wa Nin, kazi ya mchongaji Ivan Meštrović ya mwaka 1929. Wanamheshimu kwa kuwa alitetea watu wasali kwa lugha yao badala ya Kilatini. Kila mpita njia humsugua kidole gumba cha mguu kutafuta bahati, na kidole hicho kinang'aa kama dhahabu. Mimi nilikisugua mara mbili: mara moja kwa ajili yangu, na mara moja kwa ajili ya Kiswahili.

Sasa nifike kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Nilipanga chumba ndani ya kasri lenyewe. Siku hizi ni jambo jepesi, unachagua kwenye simu, unalipa, unatumiwa namba za kufungulia kisanduku cha ufunguo. Ukuta mmoja wa chumba ulikuwa wa mawe ya Diocletian, mingine ilikuwa ya plasta mpya, na kitanda kilikuwa kizuri. Mwenye nyumba, kijana mpole, alikuja siku ya pili kuniona. Nikamwuliza kama anakaa karibu. Akasema la, anakaa kwenye maghorofa nje ya mji. Chumba hiki kilikuwa cha bibi yake, na yeye mwenyewe alizaliwa akalelewa humo. Bibi alipofariki walikirekebisha, na sasa wageni ndio wanaomsomeshea watoto.

Tulipokuwa tunateremka ngazi tukamkuta mama mmoja wa makamo ya sabini na zaidi, amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Nilimwamkia kwa ishara, kijana akatafsiri. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia. Akaniuliza kama kwetu ni kando ya bahari, nikasema ndiyo. Akaridhika. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba katika ngazi ile zilikuwapo familia sita, na sasa aliyebaki ni yeye. Zamani akisikia hatua za miguu usiku aliwajua wenyewe kwa mwendo: huyu ni fulani anarudi bandarini, huyu ni mlevi wetu. Sasa anasikia magurudumu ya masanduku tu, ko-ko-ko-ko juu ya mawe, saa saba, saa tisa za usiku, na hajui ni nani. Akasema pia kwamba uzi wa kushonea kifungo anaufuata mbali, kwa sababu duka lililokuwa linauza uzi sasa linauza aiskrimu.

Nikatazama mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika sanduku la magurudumu.

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali ya ukarimu, na ni kweli tupu, maana mgeni anapokuja hata mtoto wa nyumba hupata nyama. Na watu wa Split wana haki ya kupona. Nchi yao iliingia vitani mwaka 1991 ilipojitenga na Yugoslavia, na hadi vita vilipokwisha mwaka 1995 hoteli nyingi za pwani zililaza wakimbizi badala ya watalii. Wageni waliporudi, walirudi na riziki. Paa zilizibwa, kuta zilisafishwa. Lakini methali yetu inasema mwenyeji apone. Haikusema mwenyeji ahame. Shirika la UNESCO liliandikisha kasri na mji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, na jambo lililowashangaza watu tangu zama za Robert Adam ni kwamba kasri hili lina wakazi. Sasa kila mwaka wakazi wanapungua, kwa sababu chumba kimoja huingiza kwa mgeni wa wiki kuliko mpangaji angelipa kwa mwezi. Waavari hawakuwashinda watu hawa, wala Venice, wala mizinga ya mwaka 1991. Kodi ya chumba inawashinda.

Huenda ukasema, ya Split yanatuhusu nini? Basi nikiri, msikilizaji, kwamba kabla sijasafiri niliacha karatasi mezani. Sisi ni warithi saba wa nyumba moja Mji Mkongwe, Unguja, nyumba ya marehemu shangazi yetu. Ina ghorofa mbili, boriti zimechoka, mvua za masika zinaingia hadi ukumbini. Ndani anakaa binti wa shangazi na wanawe. Amekuja mtu mwenye fedha, anataka tumkodishe nyumba yote kwa miaka mingi, aitengeneze iwe ya kulaza watalii. Bei yake ni nzuri. Warithi sita wameshatia saini, na mimi ndiye wa saba. Binti wa shangazi ni miongoni mwa waliosaini, kwa sababu amechoka kukinga mabeseni.

Siwezi kuwalaumu. Mji Mkongwe uliandikishwa urithi wa dunia mwaka 2000, na cheo hicho hakikumwezekea mtu paa. Sote tuliona Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka mchana kweupe. Jiwe halisomi barua ya UNESCO. Jiwe linataka chokaa, na chokaa inataka fedha, na fedha anayo mgeni.

Ila nimejifunza kwa yule mama wa ngazini kuuliza swali moja kabla ya saini: baada ya chokaa kukauka, nani atalala humu siku ambayo hakuna mgeni? Kama jibu ni hakuna, basi tunatengeneza Salona yenye rangi mpya. Kwa hiyo nimewaandikia ndugu zangu kwamba nitasaini kwa sharti. Ghorofa ya juu na ya kati akodishwe mwenye fedha, atengeneze nyumba yote, achume. Ghorofa ya chini, yenye baraza inayotazama njia, abaki binti wa shangazi na wanawe, na iandikwe kwenye mkataba wala isiachwe kwenye ahadi za mdomo. Bei itapungua, najua. Fungu langu na lianze kupunguzwa kwanza. Mpaka leo hawajanijibu, na mmoja wao nasikia amesema kwamba Ulaya imenilevya.

Asubuhi ya kuondoka nilipita Lango la Fedha nikaingia sokoni, lile linaloitwa Pazar, lililo chini kabisa ya ukuta wa kasri. Mama wa vijijini walikuwa wamepanga nyanya, vitunguu saumu, mboga za majani walizozikata usiku ule, na kabichi. Nilinunua kabichi moja. Nilikuwa sina jiko wala chungu, na meli ilikuwa inaondoka usiku ule ule. Nikapanda nayo ngazi, nikagonga kwa yule mama, nikampa. Aliitazama, akaigeuza, akaibonyeza kwa kidole kama wafanyavyo kina mama wote duniani, akasema neno. Hapakuwa na wa kunitafsiria, lakini uso wake niliusoma: nilikuwa nimepunjwa.

Sanduku langu nililibeba begani hadi chini, na hadi bandarini.

Ulikuwa unauliza nimekuletea nini. Nimekuletea swali lile lile ninalowauliza ndugu zangu. Nawe ambaye una nyumba ya urithi, iwe Mji Mkongwe, Lamu, Bagamoyo au Kilwa, jiulize kabla hujashika kalamu. Hadi juma lijalo panapo majaaliwa, nakutakia usiku mwema.